Nyumba Kongwe na Mgeni Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Sikukuu ya Miaka Kumi



Katika furaha ya leo twaomba ruhusa tuseme juu ya nyumba kongwe za mji wetu. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890, Malkia Victoria angali akitawala Uingereza. Nyumba zilizobaki za zama za Wajerumani ziliona vita vya Juni 1915, Waingereza walipoushambulia mji. Zikaona pia tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua ndugu zetu na kupasua kuta nyingi.

Tangu siku ile wengi husema, “Bomoeni.” Hata sisi tulisema hivyo. Lakini tazameni Unguja. Nyumba ya Hurumzi, iliyokuwa makao ya tajiri Tharia Topan, aliyefariki mwaka 1891, haikubomolewa. Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa ikawa hoteli, na wageni hulipa wapate kulala humo.

Kazi hiyo ina kanuni zake. Paa hutangulia, kwa kuwa mvua zetu ni nyingi. Ukuta uliojengwa kwa chokaa huzibwa kwa chokaa. Saruji ni ngumu mno. Hufungia unyevu ndani, na ukuta ukaoza nyuma ya lipu nzuri. Kisha kuta hufungwa pamoja, zisiachane ardhi itikisikapo.

Wako waulizao kwa haki: je, fedha ya kahawa ya mkulima wa Kamachumu iende kwenye kuta za Mjerumani? Twajibu: isiende bila hesabu. Fundi apime, mhasibu akadirie, Mkutano Mkuu uamue. Nyumba ya wageni haitachukua mahali pa kahawa. Itakuwa mfuko wa pili bei ishukapo. Na mgeni atakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, kama babu zetu walivyofanya, apate kumjua mkulima anayemlimia.

Tena, waliobeba mawe ya nyumba hizo walikuwa wazee wetu, ingawa hawakulala ndani yake. Tukizibomoa, jasho lao litapotea mara ya pili.

Wahenga walinena: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa tunauona. Tuuzibe kwa umoja.

Udumu Ushirika wetu!