Kivuli Kwanza, Vitamini Baadaye

Madaktari wapya wa mifugo, hongereni sana.

Joto la Oktoba tunalijua hapa Lubumbashi. Mvua bado, mabati yanawaka, na saa nane mchana kuku wa nyama amelala kifudifudi, mabawa ameyatandaza, mdomo wazi, koo linapigapiga. Kuku hana tezi za jasho, hupoza mwili kwa kuhema. Akihema mno hupoteza hewa ukaa nyingi, kemia ya damu inavurugika, na mtagaji hutoa mayai yenye ganda jembamba. Hilo mama mfugaji analiona. Asiloliona ni kinga kushuka: homoni ya kotikosteroni inapanda, kifuko cha Fabricius kinasinyaa, na chanjo ya Newcastle aliyoitolea feza inazaa kingamwili chache.

Kifuko hicho kilichopo juu ya kloaka kilidharauliwa muda mrefu. Kisha Timothy Chang, mwanafunzi kule Ohio, Marekani, akachukua kuku wa mwenzake Bruce Glick aonyeshe darasani jinsi kingamwili zinavyotokea. Hazikutokea. Kuku wale walikuwa wameondolewa kifuko wangali wadogo. Vijana hao hawakulifumbia macho jambo hilo; walilifuatilia, na makala yao ya mwaka 1956 ikafungua njia ya kuzielewa seli B zinazotengeneza kingamwili, zako na zangu. Walikuwa wanafunzi kama ninyi mlivyokuwa hadi jana.

Sasa, virutubisho. Kuku hujitengenezea vitamini C kwenye figo, ila katika joto kali haimtoshi. Miligramu 250 hivi kwa kila kilo ya chakula zimesaidia katika majaribio mengi. Vitamini E, seleni na zinki pia. Ninaziamini. Lakini vitamini C ikikorogwa kwenye maji yanayopata moto juani huharibika, na mama amelipa bure.

Kwa hiyo nawaomba: mkifika bandani, msianze kufungua mkoba. Tieni mkono kwenye maji ya kunywa. Tazameni paa, hesabuni kuku waliobanana, ulizeni chakula hutolewa saa ngapi. Walishwe alfajiri na jioni. Vitamini iwekwe asubuhi, kwenye maji baridi ya siku hiyo. Na pale ambapo kivuli peke yake kinatosha, mwambieni mama hivyo, hata kama siku hiyo hamtauza kitu.