Vazi la Shujaa kwa Vitu Vilivyomo Nyumbani

Maelezo kwa wazazi, walezi na vijana wa kata, katika maandalizi ya Siku ya Mtoto wa Afrika



Kila unapokaribia mwezi Juni, watoto huanza kuulizana njiani nani atavaa nini siku ya maandamano. Kwa mtoto ambaye mzazi wake ana uwezo, jibu hupatikana dukani. Kwa mwingine jibu ni homa ya ghafla asubuhi ya tarehe 16, homa ambayo hupona saa nne, maandamano yakiisha kupita. Maelezo haya yanawahusu hao wa homa ya saa nne.

Ifahamike kwanza kwamba siku yenyewe haikuanza na mavazi ya fahari. Inawakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliotoka madarasani tarehe 16 Juni 1976 kupinga kulazimishwa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitenga siku hiyo, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Mashujaa wake walikuwa na sare za shule miilini, na mtoto atakayekuja na sare safi hatakuwa amepungukiwa na kitu. Hata hivyo watoto hupenda kuvaa ushujaa, na kupenda huko si kosa. Linalotakiwa ni lifanyike bila mzazi kukopa.

Mashujaa wa filamu wanaoigwa na watoto si wageni wa sindano na uzi. Spider-Man, aliyetungwa Marekani mwaka 1962, ni mwanafunzi yatima ambaye katika hadithi anajishonea vazi lake mwenyewe. Mavazi ya filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 yalimpatia mbunifu wake, Ruth E. Carter, tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Na wekundu wa walinzi wa kike katika filamu hiyo ulichukuliwa kwa Wamaasai, miongoni mwa jamii nyingine za Afrika. Shuka ya rangi hiyo huonekana kila siku katika barabara za Dodoma. Mtoto mwenye shuka nyekundu, mkanda wa ngozi wa baba yake na fimbo fupi amekwisha kuwa mlinzi wa Wakanda, na gharama ni sifuri.

Siri ya vazi la namna hii ni alama moja. Mtoto avae fulana na suruali alizozizoea, kisha iongezwe alama itakayomtambulisha shujaa kwa mtazamaji aliye mbali. Vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani hutosha kabisa. Fundi akiombwa kwa adabu, mara nyingi hutoa bure. Kipande kishikizwe kifuani kwa mishono mirefu ya mkono, ili jioni kifumuliwe na fulana irudie kazi yake. Sare ya shule isikatwe wala isichorwe.

Shujaa aliye rahisi kuliko wote kumvaa ni wa Waswahili wenyewe, Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, ambaye Muhammad Kijumwa aliiandika habari yake kwa utenzi mwaka 1913. Alikuwa mrefu kupita kiasi, hodari wa upinde, na hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mkoba wake ulibeba kinu, mchi, mawe ya kusagia na vyungu, kana kwamba jiko zima limehama. Hapo jiko la nyumbani ndilo duka. Gunia dogo lishonwe kamba, watiwe ndani mwiko, kikombe cha bati na kata ya kibuyu, viwe vinagongana mtoto anapotembea. Upinde ni ufito na uzi wa katani, bila mshale. Kitovuni pabandikwe kiduara cha kitambaa cha manjano: ndipo sindano ilipopita. Watoto hukipenda mno kiduara hicho, pengine kwa sababu shujaa asiyeweza kufa hana hadithi.

Yupo pia Storm, mwanamke wa hadithi za Marekani aliyeanza kuonekana mwaka 1975 akiwa Kenya, akiamuru mawingu. Kwa Wagogo jambo hilo si geni, kwani watemi wa zamani walitazamiwa kushughulikia mvua ya nchi yao. Msichana akijifunga kanga ya buluu, akaweka kichwani nywele za katani nyeupe iliyochambuliwa, na njuga miguuni kama za ngoma za Kigogo, atakuwa mleta mvua anayeeleweka na bibi yake na mdogo wake kwa pamoja.

Kinyago kitengenezwe kwa boksi la kawaida, kifunike macho na paji la uso tu. Pua na mdomo vibaki wazi. Gundi ni unga wa ngano uliokorogwa kwa maji baridi, ukapikwa hadi uwe uji mzito, ukaachwa upoe. Magazeti ya zamani yachanwe vipande na kubandikwa tabaka tatu, kila tabaka likauke kabla ya kuwekwa jingine. Kwa jua la Dodoma la miezi hii isiyo na mvua, kazi hiyo haihitaji subira kubwa. Mifuko ya plastiki isitumike. Imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mambo mawili yasipuuzwe. La kwanza ni joho la mgongoni. Upepo wa Juni hulibeba, na upande wake ukiingia katika gurudumu la bodaboda, mtoto huvutwa shingo. Kwa hiyo lisifungwe fundo shingoni. Libanwe mabegani kwa pini mbili, ili likivutwa lichomoke, lisivuke magoti, na mtoto apandapo pikipiki au baiskeli livuliwe na kukunjwa.

La pili ni vitambaa vya mabaka vinavyofanana na sare za jeshi. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia waliokuwa na mavazi ya namna hiyo kuyasalimisha. Mzazi asimvishe mtoto vazi hilo kwa kudhani ni mchezo, wala asimpe bunduki ya bandia.

Vazi lijaribiwe jioni ya tarehe 15, mtoto atembee nalo hadi kwa jirani na kurudi. Palipolegea pashonwe usiku huo huo, na mwiko urudi jikoni baada ya chakula cha mchana cha tarehe 16.