Mazungumzo juu ya Shamba Lililochimbwa Dhahabu



Leo nasema nanyi juu ya shamba lililochimbwa dhahabu, kisha likafukiwa, kisha mwenyewe akaambiwa: "Haya, shamba lako limepona. Weka kidole chako hapa katika karatasi." Neno langu ni moja tu: usiweke kidole kabla ya kukagua. Shamba lililofukiwa si shamba lililopona.

Katika milima yetu ya Butembo na Beni, hata kufika Manguredjipa, kazi ya dhahabu si jambo jipya. Wakati wa Wabeleji kampuni ya MGL ilichimba huko Manguredjipa. Mwaka 1976 iliunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI, na mwaka 1997 SOMINKI nayo ikafungwa. Mwaona? Wachimbaji huja na kwenda, lakini mlima hauhami, na watoto wenu watakula katika mlima huohuo.

Nini huharibika shambani? Juu ya ardhi upo udongo mweusi, nao si mnene. Chini yake upo udongo mwekundu, na chini zaidi mchanga na mawe. Chakula cha mmea kimo katika ule mweusi. Mchimbaji hugeuza mambo: mawe huja juu, na udongo mweusi huzikwa. Kwa macho shamba limesawazishwa. Kwa maharage limekufa.

Basi nendeni kukagua. Aende mwenye shamba, aende mchimbaji au mtu wake, aende shefu wa kijiji, na majirani wawili wa kushuhudia. Fanyeni hivi:

1. Zungukeni mpaka wote kwa miguu. Shimo lililoachwa wazi lifukiwe. Maji yaliyosimama huzaa mbu wa malaria, na mtoto aweza kuzama humo.

2. Chimbeni vishimo vitano, mbalimbali, kila kimoja kina chake kama mkono mpaka kiwiko. Je, udongo mweusi umerudishwa juu? Au ni kokoto tupu?

3. Mimineni ndoo moja ya maji katika kishimo kimoja, na ndoo nyingine katika kishimo kama hicho kwa jirani ambaye hakuchimbiwa. Maji yakinywewa kwa jirani, na kwako yakikaa tu, udongo umeshindiliwa. Lazima ulegezwe chini kabisa.

4. Ulizeni dhahabu ilioshwa wapi kwa zebaki, na ilichomwa wapi. Mahali hapo msipande chakula, wala msile samaki wa dimbwi lake. Zebaki ni sumu inayodhuru ubongo, na haiozi.

5. Tazameni mtelemko. Mvua za Machi hata Mei, na za Septemba hata Novemba, hubeba udongo uliolegea. Mitaro ikatwe kwa kukingama mlima, na matete yapandwe ukingoni.

Baada ya hayo, ulizeni maharage yenyewe. Pima hatua kumi kwa kumi katika udongo uliofukiwa, na hatua kumi kwa kumi katika udongo mzima ulio karibu. Panda siku moja, mbegu moja, palizi moja. Wakati wa kuvuna, weka kila fungu katika mizani mbele ya mashahidi, na andika kilo. Mtu aweza kubishana na maneno yako, lakini kubishana na mizani ni kazi ngumu.

Sasa najibu mashaka yenu.

Mzee mmoja atasema: "Ardhi ni ya Serikali. Mimi nitadai nini?" Ni kweli, baba, sheria ya mwaka 1973 yasema hivyo. Lakini sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamtambua pia mtu ambaye siku zote ametumia ardhi hiyo. Mwenye kibali cha madini akikuondolea matumizi ya shamba, au akilifanya lisifae kulimwa, yampasa kulipa haki yake: ama kodi, ama thamani ya shamba pamoja na nusu yake juu. Kwa mfano, thamani ikiwa dolari 200, malipo ni dolari 300. Tena yampasa kutengeneza madhara ya kazi yake, hata kama kazi ile ilipewa ruhusa.

Mama mmoja atasema: "Nikidai, ugomvi utaingia kijijini." Mama, daawa huanza kwa mapatano. Kaeni mbele ya wakubwa, semeni kwa upole, onyesheni daftari. Miezi mitatu ikipita bila mapatano, hukumu ni ya baraza la Serikali.

Kijana atasema: "Kwetu hakuna kampuni, ni vijana wenzetu wa sururu." Basi patana nao kabla sururu haijaingia. Andikeni nani atachimba, wapi, na nani atafukia. Udongo mweusi uwekwe kando, urudishwe mwisho. Aliyeuchanganya na mawe hawezi kuutenga tena.

Na wewe mwenye shamba, unayo kazi yako. Usingoje malipo huku mvua inakula udongo. Panda mukuna, kata majani ya titonia uyafukie, tia samadi ya mbuzi. Lakini kwanza kagua na kuandika, ili hasara ijulikane kabla jasho lako halijaifunika.

Wazee wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari. Andikeni siku, mahali, majina ya mashahidi, na kilo. Asiyejua kuandika amwite mtoto wake wa shule. Karatasi ya mchimbaji ikija, isomwe kwanza kwa sauti mbele ya daftari lenu. Zikipatana, weka kidole. Zisipopatana, kidole kikae mfukoni.