Ukuta wa Jicho na Ugonjwa wa Glakoma



Kila mwenye baisikeli hulibonyeza gurudumu kwa kidole apate kujua kama upepo umetosha. Jicho la binadamu nalo limejazwa, ila kwa maji. Maji hayo, ambayo siyo machozi, hutengenezwa ndani ya jicho usiku na mchana, kisha hupenya katika vitundu vidogo sana kando ya duara jeusi na kurudi katika damu. Vitundu vikianza kuziba, maji huzidi kusukuma. Aghalabu nguvu yake huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Ukuta wa jicho ni imara, umefumwa kwa nyuzi mithili ya mkeka. Lakini nyuma yake pana mahali pamoja dhaifu, napo ni pale mshipa wa fahamu unapotoka kwenda katika ubongo. Hapo ukuta umetobolewa kama chujio, na katika matundu yake hupita nyuzi zipatazo milioni moja, zichukuazo habari za kila kionekanacho. Maji yakisukuma mno, chujio hubonyea kwa nyuma, matundu hupindika, na nyuzi zilizomo hubanwa zikafa kidogo kidogo. Hazioti tena. Ndiyo glakoma hiyo, nayo mara nyingi haiumi hata kidogo. Huanza kula pembeni mwa kuona, na mtu hujikwaa akidhani ni haraka zake tu.

Tena chujio si sawa kwa watu wote. Yuko mwenye kipimo cha 25 ambaye mshipa wake ni mzima miaka mingi, na yuko mwenye 16 anayepofuka. Hata kioo cha mbele ya jicho huweza kumdanganya mpimaji, maana kikiwa chembamba hubonyea upesi, na chombo kikasoma chini ya ukweli. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu ambao maji yao husukuma kupita kiasi, wenye kioo chembamba ndio waliozidi kupatwa. Wamarekani wenye asili ya Afrika walionekana kuwa na vioo vyembamba zaidi kwa wastani. Kwa hiyo kupima nguvu ya maji peke yake hakutoshi. Sharti daktari autazame na mshipa wenyewe kwa taa yake.

Aliyepita miaka 40, hasa ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ana ugonjwa huu, yampasa achunguzwe hata kama anaona vizuri. Matone ya dawa hupunguza maji au huyafungulia njia, hayarudishi kilichopotea. Wako wanaoyaacha baada ya chupa ya kwanza kwa kuwa hawakuona nafuu, hali kazi ya dawa ni kukilinda kilichobaki.

Kwa mtoto mchanga mambo ni mengine. Ukuta wa jicho lake ungali laini, nao hutanuka kwa nguvu ya maji, jicho likawa kubwa, na jamaa wakalisifu kwa uzuri. Mtoto wa namna hiyo, akiwa anatoa machozi na kukimbia mwanga, apelekwe hospitali mara moja, wala asingojewe akue.