Kopo Halipunguzi Sukari



Wiki iliyopita binti wa kaka yangu alinipitia nyumbani hapa Karatu. Ana miaka 27, hukaa mapokezi katika hoteli ya watalii. Akatoa mkobani makopo mawili, moja la vidonge, jingine la unga wa "kuyeyusha mafuta". "Shangazi," akasema, "nusu ya mshahara imekwenda." Alikuwa amepimwa na kuambiwa sukari imeanza kupanda, ingawa bado si kisukari.

Sikumcheka. Baba yake kisukari kilimchukua mguu, na binti anaogopa. Wala hayuko peke yake: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi.

Lami ilipofika hadi lango la Ngorongoro ilituletea riziki, lakini ilileta na mengine. Bodaboda inamchukua msichana mlangoni, mchana chipsi mayai na soda, jioni sahani ya wali. Tena tulizoea kusema kuwa mwanamke mnene ametunzwa, na aliyekonda tukamnong'onea maradhi.

Mtu atasema, basi akimbie tu. Ngojeni kwanza. Jirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipimwa na wataalamu wakiongozwa na Herman Pontzer, na matokeo yakatoka mwaka 2012. Wanawake wao hutembea karibu kilomita 6 kwa siku wakichimba mizizi na kuchuma matunda. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanazotumia kwa siku hazizidi za mtu wa Marekani anayeshinda kitini. Kumbe mwendo peke yake haufuti sahani iliyojaa.

Je, tuketi basi? La hasha! Msuli unaofanya kazi hunyonya sukari kutoka katika damu, hata kabla kilo hazijapungua. Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya jaribio la watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliofundishwa kula kwa kiasi, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari ya kisukari ilipungua kwao kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya hospitali inayojulikana, ilipungua kwa asilimia 31. Ikiwa dawa halisi ilishindwa na miguu, sembuse kopo lisilo na usajili?

Sisemi kila kidonge ni bure. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki vina kazi yake. Ninachokataa ni kununua matumaini mnadani.

Binti yetu ana kilo 80. Asilimia 7 ni kilo tano na nusu tu. Tumekubaliana: soda basi, ugali wa dona kwa kipimo, mbaazi na mboga za majani zijaze sahani, na kazini aende kwa miguu, nusu saa, siku tano za wiki. Sukari itapimwa tena baada ya miezi mitatu.

Jumamosi tulitembea wote. Mlimani nilihema kuliko yeye. Makopo yako kwangu, kabatini, hajayaulizia.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.