Kosa Halianzi kwa Panga

(Haya ni mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Matuga. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wanavikundi ambao hawakuweza kufika.)

Leo hatukuja na habari za mbuzi wa maziwa wala za merigoraundi. Tumekuja kuzungumza juu ya sheria ya jinai. Msishtuke! Hayo si mambo ya mawakili peke yao. Yamekwisha kutubishia hodi.

Sote tunajua kwamba hapa Kwale, na kwa wenzetu wa Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee ameota mvi, anaishi peke yake, mtoto wa jirani akaugua, basi, maneno yakaanza. Kule Ganze wazee waliotishiwa maisha walifikia hata kukimbilia Kaya Godoma ili wapate usalama.

Nasi tunaosema hapa hatujitoi. Katika kikundi chetu kimoja, mama mmoja mzee alianza kunong'onwa baada ya mjukuu wa jirani kufariki. Tulisikia. Hakuna aliyefungua mdomo. Mkutano uliofuata hakuja, na wa pili hakuja. Baadaye tukaambiwa amehamia kwa binti yake, mbali na hapa. Hakuna aliyempiga. Lakini jina lake na akiba yake bado vimo katika daftari letu, na kila tukilifungua tunaona aibu. Ndipo tukaanza kujiuliza: kosa huanzia wapi hasa?

JINAI NI NINI?

Ukikopa gunia la mahindi usilipe, hilo ni deni. Mwenye gunia ndiye anayekushtaki, na hiyo ni kesi ya madai. Lakini ukimwua mtu, au ukimchomea nyumba, anayekushtaki ni serikali, kwa sababu umevunja amani ya watu wote. Ni kweli Katiba ya 2010 inakubali njia za kimila za kusuluhisha, na hakimu anaweza kupatanisha watu katika makosa madogo. Lakini kuua mtu si jambo la familia mbili kumalizana kimya kimya kwa mbuzi na pesa.

Makosa mengi ya jinai yana sehemu mbili: tendo na nia. Tuchukue mfano wa nazi. Mkwezi anaangua nazi, amewaonya watu wasogee, mtu akapita ghafla ikamwangukia, akafa. Hiyo ni ajali. Wa pili anagombana na mwenzake, anamsukuma kwa hasira, yule anaanguka kwenye jiwe na kufa. Huyu hakukusudia kuua, lakini alifanya tendo lisilo halali. Hiyo ni kuua bila kukusudia, na kifungo chake chaweza kufika cha maisha. Wa tatu anavizia njiani na panga. Hayo ni mauaji ya kukusudia.

Angalieni hapa: hata aliyekusudia kumjeruhi vibaya tu, kisha mtu akafa, sheria huhesabu kuwa ni mauaji ya kukusudia. Kusema "nilitaka kumkata mguu tu" hakumwokoi mtu. Adhabu ya kifo ingali katika sheria zetu, ingawa mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba majaji wasilazimike kuitoa kwa kila mwuaji.

"LAKINI NILIMWOGOPA!"

Wengine husema, je, kama kweli niliamini atanimaliza? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi kutoka Uganda ya mtu aliyemwua mganga. Mganga huyo alikuwa amemdai pesa nyingi na kumtisha kwa dawa zake. Mahakama ilikubali kwamba mtu yule aliogopa kweli. Hata hivyo ikasema hofu ya jambo litakalotokea baadaye si uchokozi wa papo kwa papo unaoweza kulipunguza kosa. Akabaki na hatia ya mauaji.

"MIMI SIKUSHIKA PANGA"

Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Sheria haimtafuti aliyeshika panga peke yake. Aliyemtuma, aliyemlipa, aliyemshauri na aliyeonyesha njia, wote wahesabiwa kuwa wametenda. Watu wakikubaliana jambo ovu, kila mmoja hubeba mzigo wa wenzake. Hata anayemficha mwuaji huku akijua, naye ana kosa, na anaweza kufungwa hadi miaka 7.

Je, yule anayetoa jina? Tangu 1925 Kenya ina Sheria ya Uchawi. Wengi hudhani inawahusu wachawi tu. La! Sheria hiyo hiyo inasema kumwita mtu mchawi ni kosa, na waweza kufungwa hadi miaka 5. Kama una malalamiko, yapeleke kwa chifu au polisi, si kisimani. Na kumwendea mtu akutajie mbaya wako kwa njia za ramli, hilo pia ni kosa. Basi mnaona, kosa limeanza zamani, panga bado halijanolewa.

KWA NINI YANATOKEA?

Wataalamu wanaochunguza uhalifu hawaulizi tu "ni nani?" Wanauliza pia "ni kwa nini?" Nasi tuulize. Mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba. Mzee amekataa kuuza, vijana wanataka kugawana. Pengine kuna ugonjwa ambao haukuelezwa vizuri, na watu waliofiwa wanatafuta wa kulaumu. Pengine mzee anasahau na kuzungumza peke yake kwa maradhi ya uzee, na watu wanasema anaroga. Kule Usukumani, Tanzania, akina mama wazee waliuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi! Halafu kuna kijana asiye na kazi, anayenunulika. Na juu ya yote, mashahidi hawajitokezi, kwa hivyo mwuaji anajua hatakamatwa.

TUFANYE NINI?

1. Ukisikia mtu ananong'onwa, likate neno hapo hapo. Uliza: umeona nini kwa macho yako?

2. Mtoto akiugua, tumsaidie mzazi afike hospitali, naye aelezwe ni ugonjwa gani. Hofu hukua mahali pasipo na maelezo.

3. Mzee akitishwa, asiachwe peke yake. Apelekwe kituoni akaandikishe ripoti, apewe namba ya OB, na mtu wa kikundi afuatane naye. Kama kuna ugomvi wa shamba, chifu ajulishwe mapema.

4. Mshukiwa wa mauaji akikamatwa na wananchi, akabidhiwe polisi bila kukawia. Tusimpige wala kumchoma. Katiba inasema hana hatia mpaka ithibitishwe, na polisi wamfikishe kortini kabla ya saa 24 kupita. Haki tunayomtakia mzee wetu ndiyo hiyo hiyo anayostahili mshukiwa.

5. Aliyeona aseme. Kesi bila shahidi haisimami.

Ndugu zetu, hatuwezi kurudisha siku zile tulizonyamaza. Lakini kikundi chetu kimechagua watu watatu wamfuate yule mama kwa binti yake, wamwombe radhi, na wampelekee hesabu ya akiba yake. Akitaka kurudi, tutamsindikiza sote, mchana kweupe, kila mtu aone. Asiporudi, shamba lake lina mwenyewe, na sisi ni mashahidi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Je, kijijini kwetu kuna mzee anayenong'onwa sasa? Ni nani atakayemtembelea wiki hii? Na mtu akilianzisha neno hilo hapa mkutanoni, tumekubaliana kumjibu nini?