Mkutano wa Kijiji Huanza Kabla ya Siku Yake

Leo tunazungumzia mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake.

Vijiji vingi vya Tanzania hubandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, basi. Nani hupita hapo? Tangazo liwafuate watu: msikitini, kanisani, gulioni, kwenye mashine ya kusaga, kijiweni kwa bodaboda, na kwa kipaza sauti jioni wakiwa wamerudi kutoka shambani. Litaje siku, saa, mahali na ajenda zenyewe. "Mambo ya maendeleo" si ajenda. Kama kuna ardhi ya kugawa, semeni ni ipi, iko wapi, anaiomba nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha. Sasa mtu ataidhinisha vipi jambo asilolijua?

Siku yenyewe, daftari la mahudhurio lisainiwe watu wakiingia, lisije likazungushwa majumbani wiki inayofuata (mchezo huo tunaujua). Usomwe muhtasari wa kikao kilichopita, hasa yaliyoahidiwa. Mapato na matumizi yasomwe polepole, na nakala ibandikwe. Mwenyekiti akiona wazee wale wale wanapokezana kusema, awape nafasi kina mama walioketi nyuma. Na mkutano wa saa nne uanze saa nne.